Picha ya ultrasaundi ya farasi ikikosea: tafuta chanzo kabla ya kulaumu mashine

Kabla ya kugusa kitufe chochote, jiulize swali moja: kasoro unayoiona inafuata nini? Sogeza probu (kichwa cha mashine unachokigusisha mwilini mwa farasi) sentimita mbili kando. Doa likibaki palepale kwenye kioo huku sehemu nyingine za picha zikipita, ni la probu au la mashine. Likisogea na kutoka nje ya picha pamoja na nyama inayolizunguka, ni la farasi. Likitokea na kutoweka unapoinamisha mkono bila kuitelezesha probu, ni la pembe. Likija na kuondoka lenyewe, tafuta waya, umeme au betri. Jaribio hili huchukua sekunde kumi, na linaokoa saa nzima ya kuhangaika na vitufe.

Matatizo yaliyo hapa chini yamepangwa kwa jinsi yanavyoonekana kwenye kioo, maana hicho ndicho unachokiona kwanza ukiwa umeinama ubavuni mwa farasi. Yanahusu mashine za betri zenye kioo chake na pia probu zisizo na waya zinazotumia simu au tableti.

Picha yote hafifu, kama kuna ukungu

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni hewa kati ya probu na ngozi. Hewa hurudisha karibu mawimbi yote ya sauti, na manyoya ya farasi hushika hewa hata yakionekana yamelala. Utaitambua hivi: juu kabisa ya picha kuna mistari myeupe iliyolala sambamba, na chini yake hakuna kitu cha maana. Ukikandamiza, picha inaboreka kidogo; ukilegeza, inapotea.

Kwa mguu, nyoa kwa mashine yenye wembe namba 40, ukienda kinyume cha ulalo wa manyoya. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya klorheksidini, sugua mpaka kitambaa kitoke bila mba wala uchafu, suuza, kisha paka jeli na usubiri dakika 5 hadi 10 ngozi ilowe. Wengi huruka kusubiri huku. Ndiyo maana picha za mwisho wa uchunguzi huwa nzuri kuliko za mwanzo: ngozi ilikuwa ikilowa huku kazi ikiendelea, na mguu uliochunguzwa kwanza ndio ulioonewa.

Kama kunyoa hakuruhusiwi na manyoya ni mafupi, lowesha kwa maji ya moto kiasi, kisha spiriti, kisha jeli, ukisugua kufuata ulalo wa manyoya. Lakini spiriti hukausha na kupasua mpira wa uso wa baadhi ya probu, kwa hiyo soma kwanza kitabu cha mashine yako. Na inashika moto: usiwashe mashine ya kunyolea juu ya ngozi iliyolowa spiriti.

Ukishafanya hayo na ukungu ungali upo, angalia uso wa probu. Jeli ya jana iliyokauka ni kizuizi kamili. Ukitumia mfuko wa kufunika probu, jeli iwe ndani ya mfuko pia, si nje peke yake. Kiputo kimoja cha hewa kilichonaswa ndani hufanya kivuli kinachohama na probu, na mtu hudhani probu imekufa.

Juu panaonekana, chini ni giza

Masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, hupimwa kwa MHz) ni makubwa mno kwa kina unachotaka. Katika nyama laini mawimbi hupoteza takriban desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila MHz, kwenda na vilevile kurudi. Kwa 10 MHz, kitu kilicho sentimita 4 chini kinakugharimu desibeli 40, na mashine inaweza kufidia. Kilicho sentimita 15 chini kinakugharimu 150. Hakuna kitufe cha kufidia hasara hiyo. Badilisha probu au shusha masafa.

Mipaka inayofaa kuanzia ni hii:

- Kano za mguu: probu nyoofu, 7.5 hadi 14 MHz, kina sentimita 4 hadi 6.
- Uzazi kupitia njia ya haja kubwa: probu nyoofu ya rektamu, 5 hadi 10 MHz, kina sentimita 8 hadi 12.
- Tumbo na kifua cha farasi mkubwa: probu ya mbinuko, 2 hadi 5 MHz, kina sentimita 15 hadi 30.
- Moyo: probu ya feizi (yenye uso mdogo unaotazama kati ya mbavu), 1.5 hadi 3.5 MHz.

Kama masafa ni sahihi, angalia vitelezi vya kuongeza mwangaza kwa kina. Mara nyingi vya chini vimeshushwa na mtu aliyetumia mashine kabla yako. Kisha weka fokasi (kina ambacho mawimbi hukusanywa yawe makali) usawa wa kitu unachotazama au chini yake kidogo; fokasi iliyoachwa juu huufanya upande wa chini uonekane umepakwa mafuta.

Picha nyeupe mno, maji hayaonekani meusi

Kosa hili hutokea mchana wa jua. Kioo kinaonekana kififu, unapandisha geini (nguvu ya kukuza mwangwi), kioo bado kififu, unapandisha tena. Tatizo lilikuwa jua, wala si mwangwi. Sasa kila kitu ni cheupe, na doa dogo jeusi kwenye kano limejazwa chembe nyeupe na kupotea kabisa. Ukiitazama picha hiyo jioni kwenye kompyuta utashangaa ulikuwa ukipima nini.

Mpeleke farasi kivulini, au funika kioo kwa boksi lililopakwa rangi nyeusi ndani, pandisha mwanga wa kioo chenyewe, na ndipo ushike geini. Kipimo chake kipo ndani ya farasi: damu kwenye mshipa mkubwa wa mguu, maji ya folikuli (kifuko cha yai kwenye ovari) au mkojo kwenye kibofu lazima viwe vyeusi. Shusha geini mpaka viwe vyeusi, usiguse tena kwa mguu ule, na mguu wa pili uuchunguze kwa mipangilio ileile.

Doa jeusi kwenye kano

Hapa ndipo farasi mzima hupumzishwa miezi kadhaa bila sababu, na aliyeumia hurudishwa mbioni. Usiwe na haraka.

Kano ni furushi la nyuzi zilizonyooka sambamba. Mawimbi yakizipiga kwa pembe ya digrii 90, hurudi moja kwa moja na kano inang'aa. Probu ikiinama digrii chache tu, mwangwi hurudi kando, probu haiupokei, na kano yenye afya inageuka nyeusi. Hali hii huitwa anisotropia, na haitokani na ubovu wa mashine yoyote; hata ya bei ghali hufanya hivyo.

Jaribio lake ni la mkono. Egemeza ukingo wa kiganja kwenye mguu wa farasi ili usiyumbe. Bila kuitelezesha probu, inamisha mpini kwenda juu, kisha chini, polepole, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Tafuta pembe ambayo mipaka ya kano ni mikali na mwangaza umefika juu kabisa. Doa likijaa mwangaza, halikuwa jeraha. Likibaki jeusi katika kila pembe, geuza probu digrii 90 uitazame kano kwa urefu: jeraha la kweli huonekana na huko pia, nyuzi zimekatika au zimepoteza ulalo wake. Halafu nenda mguu wa pili, umbali uleule. Pima kwa utepe kuanzia mfupa unaojitokeza nyuma ya goti la mbele, na uandike sentimita kwenye kila picha. "Katikati ya muundi" si kipimo. Mwezi ujao hutapata mahali hapo tena.

Pembe inayoing'arisha kano ya kukunja ya juu si lazima iing'arishe ile ya ndani, wala ligamenti saspensori (utepe wa nyuzi unaoshikilia kifundo cha chini) iliyo chini zaidi. Kila moja itafutiwe pembe yake.

Kisha mtazame farasi mwenyewe. Amesimama vipi? Kano ionekane sawasawa lazima mguu ubebe uzito. Farasi aliyechomwa dawa ya kutuliza hupenda kupumzisha mguu mmoja wa nyuma kwenye ncha ya kwato. Kano hulegea, nyuzi hupinda kama kamba isiyovutwa, na madoa meusi hujitokeza kila mahali. Msimamishe sawa, ngoja pumzi mbili, tazama upya. Nusu ya madoa yanaweza kuwa yameondoka.

Sehemu ya kuwa makini zaidi ni mwanzo wa ligamenti saspensori, chini kidogo ya goti na chini ya kifundo cha juu cha mguu wa nyuma. Ligamenti hii ina nyuzi za misuli na mafuta ndani yake kwa asili, kwa hiyo weusi wa mabaka pale ni kawaida kwa farasi wengi. Kuongezea hapo, kingo za mishipa mikubwa ya damu iliyo juu yake hutupa vivuli vyembamba vya wima, na damu iliyomo huacha ukanda mweupe chini yake. Sogeza probu upande wa ndani wa mguu: kivuli cha mshipa kitahama, doa la ligamenti litabaki. Linganisha na mguu wa pili, na usitoe uamuzi kwa weusi peke yake. Tafuta pia unene, mpaka uliofifia, na uso wa mfupa uliokwaruzika.

Na kinyume chake: mguu umevimba, una joto, lakini kano haina doa. Jeraha jipya linaweza kuendelea kupanuka kwa siku kadhaa. Mpumzishe na urudie baada ya wiki moja hivi. Jeraha la zamani nalo linaweza kuwa limejaa kovu lenye mwangaza karibu sawa na kano. Hapo kinachokuambia ukweli ni eneo la mkato. Zungushia kano alama ya kupimia na ulinganishe sentimita za mraba za miguu yote miwili.

Mstari mweupe usiojulikana ndani ya picha

Kano ya juu iko milimita chache tu chini ya ngozi, ndiyo maana huwekwa pedi ya jeli kati ya probu na mguu. Pedi hiyo huleta mwangwi wake: sauti hugonga ngozi, hurudi kwenye probu, hugonga tena, na mashine huchora mstari wa pili kwenye kina mara mbili ya unene wa pedi. Pedi ya milimita 8 itakupa mstari kwenye milimita 16, mara nyingi katikati ya kano ya ndani, ukionekana kabisa kama utando.

Kandamiza pedi kidogo huku ukitazama. Ngozi ikipanda milimita 1, mstari wa uongo hupanda milimita 2. Utando wa kweli husogea pamoja na ngozi. Ukithibitisha, tumia pedi ya unene mwingine ili mstari uangukie mahali usipopahitaji.

Uchunguzi wa uzazi

Kwanza usalama, kwa sababu hapa kosa linaweza kuua. Farasi jike afungwe kwenye kizuizi imara, kinyesi kitolewe chote, kilainishi kiwe kingi, na mkono usishindane na utumbo unaosukuma. Farasi akijikaza, simama mpaka wimbi lipite. Daktari anaweza kutoa hayosini butilibromidi kulegeza utumbo, lakini ikumbukwe kwamba huupandisha mwendo wa moyo kwa muda, hivyo mapigo hayo yasisomwe kama maumivu. Damu kwenye glavu maana yake ni kusimamisha kazi papo hapo na kuchunguza kama utumbo umechanika, hata kama farasi ametulia.

*Picha inakatika vipande vipande.* Kinyesi kimebaki au hewa imeingia. Toa tena, sukuma hewa nje kwa kiganja, na ubonyeze probu chini kuelekea sakafu ya utumbo.

*Siku ya 14 imefika na huoni kitu.* Uliza siku zimehesabiwa kuanzia wapi. Siku ya sifuri ni ile yai lilipotoka, na farasi anaweza kupandwa siku kadhaa kabla ya hapo. Kifuko cha mimba siku ya 14 huwa na kipenyo cha milimita 14 hadi 18 hivi, na kati ya siku ya 11 na 15 hutembea kwenye mfuko mzima wa uzazi. Kwa hiyo usichungulie pembe mbili za mfuko na kuondoka. Anza ncha ya pembe moja, pita katikati, maliza ncha ya nyingine, kisha shuka na mwili wa mfuko mpaka shingoni. Kifuko hupenda kujificha hapo mwishoni, karibu na shingo. Usipokiona, rudia baada ya siku mbili.

*Duara jeusi: mimba au sisti?* Sisti, yaani kifuko cha maji kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, hukaa. Kifuko kabla ya siku ya 16 hutembea. Tazama, pima, ngoja dakika 10, tazama tena. Mistari miwili midogo myeupe, mmoja juu na mmoja chini ya duara, si uthibitisho wa mimba. Hutokea popote sauti inapogonga ukuta laini wa duara kwa digrii 90, na sisti nayo huwa nayo. Dawa halisi ya tatizo hili ni ramani: kabla ya msimu wa kupandisha chora kila sisti ilipo na ukubwa wake. Kama hukuchora, pima leo na kesho kutwa. Kifuko hukua takriban milimita 3 kwa siku katika kipindi hicho, sisti haikui hivyo.

*Mapacha.* Kukosa kuwaona ni kosa zito, kwani mimba ya mapacha kwa farasi mara nyingi huishia kuharibika, tena ikiwa imekua na kumhatarisha mama. Vifuko viwili vilivyoshikana huonekana kama kimoja kikubwa chenye uzi mwembamba katikati. Kikionekana kikubwa kuliko umri wake, izungushe probu polepole mpaka uridhike. Hesabu pia alama za mayai yaliyotoka kwenye ovari zote mbili. Zikiwa mbili na kifuko kimoja, yai la pili huenda lilitoka siku moja au mbili baadaye, na kifuko chake bado ni kidogo mno. Rudi kabla ya siku ya 16, kwa sababu baada ya hapo vifuko hutulia mahali pamoja na kupunguza kimoja kunakuwa kugumu zaidi. Usiache mpaka baada ya siku ya 35: vikombe vya ukuta wa mfuko vikishaanza kutoa homoni, farasi akipoteza mimba harudi kwenye joto kwa urahisi msimu huo.

*Siku ya 25 kiinitete kipo, mapigo hayaonekani.* Angalia kitufe cha kulainisha picha, kinachochanganya fremu kadhaa kuwa moja. Kikiwa juu, mpapatiko mdogo wa moyo hufutwa. Kishushe hadi sifuri, punguza kina, kuza picha. Usitangaze kifo cha kiinitete kwa mtazamo mmoja.

*Mashine inasema mimba ina wiki zisizoeleweka.* Imewekwa jedwali la binadamu au la ng'ombe. Badilisha spishi kwenye mipangilio. Milimita ulizopima bado ni sahihi, tafsiri yake ndiyo iliyokosewa.

Tumbo na kifua, kwa ufupi

Mistari myeupe iliyolala kwa nafasi sawasawa chini ya utando wa pafu ni mwangwi wa hewa, kama ilivyo kwenye pafu la kawaida. Michirizi michache inayoshuka wima hupatikana hata kwa farasi mzima. Ikiwa mingi na imeshikana, tafuta ugonjwa. Tumboni, ukuta wa utumbo mwembamba haupaswi kuzidi milimita 3. Pima ukuta ukiwa umekatwa kwa pembe ya mraba, kwani mkato wa mshazari hunenepesha kila kitu. Figo ya kushoto ikikosekana kwa farasi mwenye msokoto wa tumbo, huenda utumbo mpana umekwama juu yake, lakini gesi ya kawaida na manyoya makavu hufanya vivyo hivyo. Lowesha, badilisha nafasi kati ya mbavu, kisha daktari aoanishe na uchunguzi wa mkono.

Kasoro za mashine yenyewe

*Mstari mweusi wima kutoka juu hadi chini, hauhami.* Futa probu, iache kavu bila jeli, pandisha geini. Juu ya picha utaona mikanda myeupe iliyonyooka upande hadi upande. Pitisha waya laini wa kibanio cha karatasi taratibu juu ya uso wa probu, bila kukwaruza. Mwangwi wa waya utatembea nao. Mahali unapofifia, fuwele (vipande vinavyotoa na kupokea sauti) zimekufa au uzi wake umekatika. Kisha pinda waya wa probu kidogo karibu na shingo. Mstari ukiwaka na kuzima, tatizo ni waya, na waya hutengenezeka kwa gharama ndogo kuliko fuwele. Usiuzungushe waya kwa kuukaza kwenye mashine. Uviringe kwa mizunguko mipana, na usiuache sakafuni panapokanyagwa na kwato.

*Nukta au mikwaju inayopita kwenye picha yote.* Chomoa chaja na utumie betri. Ikitoweka, umeme wa ukutani au jenereta ndio chanzo. Zima pia mashine ya kunyolea iliyo jirani.

*Probu isiyo na waya inakata mawasiliano.* Simu huona kwamba waifai ya probu haina intaneti na kurukia data. Zima data, au weka hali ya ndege kisha uwashe waifai peke yake. Simama karibu, mwili wa farasi ulio katikati huzuia mawimbi hayo.

*Inajizima yenyewe katikati ya kazi.* Probu imepata joto. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine za ultrasaundi, IEC 60601-2-37, hakiruhusu uso unaogusa ngozi kupita nyuzi 43 za Selsiasi, na mashine nyingi hujizima kulinda hilo. Gandisha picha kila unapopumzika, maana ikigandishwa probu haitoi mawimbi, na usiiache ndani ya gari juani. Betri ya lithiamu iliyowekwa muda mrefu ihifadhiwe na chaji ya karibu nusu. Iliyovimba isichajiwe tena.

*Kushoto na kulia vimebadilishana.* Gusa ukingo mmoja wa probu kwa kidole chenye jeli, uone upande upi wa kioo unatikisika. Fanya hivi kila asubuhi.

*Uso wa probu umevimba, umepasuka au umeinuka pembeni.* Iweke kando leo, hata kama picha bado ni nzuri. Maji na jeli huingia ndani, na umeme unaweza kutoka. Unapoipeleka kwa fundi, ambatanisha picha ya jaribio la waya lililofanywa probu ikiwa kavu, eleza kama kasoro hubadilika waya unapopindwa, na utaje dawa ya kusafishia uliyokuwa ukitumia. Mara nyingi jibu la kwa nini mpira umepasuka liko kwenye chupa hiyo.